Wakili Aliyekataza Pilau

Kwa miaka ishirini na sita, kila mteja aliyepanda ngazi za ofisi ya Tejinder Kaur Sehmi, juu ya duka la miwani pale Erdington, aliulizwa swali moja kabla ya kuondoka. Awe amekuja na kesi ya visa, ya nyumba au ya mwajiri mkorofi, Tejinder alifunga faili, akavua miwani na kumwuliza kama amejiandikisha kupiga kura. Wakenya walicheka, wakidhani wakili anawatania. Wao wamekuja kuosha wazee na kusomesha watoto, wapi na wapi na kura? Tejinder hakucheka. Aliwaeleza kwamba Mkenya anayeishi Uingereza kwa kibali halali, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa kupiga kura sawa na mtu aliyezaliwa Birmingham, na kwamba pasipoti yake ya Kenya inatosha kumtambulisha kituoni. Waliitikia kwa adabu, wakashuka ngazi, na wasifanye lolote. Waliogopa kwamba jina likishaandikwa mahali popote pa serikali, visa itaingia matatani.

Kiswahili chake kiliwashtua wale wapya. Mtu anaingia akiwa amejipanga kwa Kiingereza chake chote, anamkuta mama wa Kisikh mwenye mvi, shungi begani na bangili ya chuma mkononi, naye anamwuliza kwa lafudhi ya Nakuru kama amekunywa chai. Alizaliwa Nakuru, binti wa Ranjit Singh, fundi aliyekuwa na karakana ya kuunda bodi za malori. Mwaka 1984, Tejinder akiwa na miaka kumi na sita, familia ilihamia Birmingham, na yule fundi ambaye mji mzima ulimwita Bwana Singh akawa mfagiaji wa mabaki ya vyuma katika kiwanda. Mzee hakulalamika hata siku moja. Binti yake ndiye aliyelalamika kwa niaba yake, na tangu hapo hajaacha.

Alishona nguo kiwandani mchana na kusoma sheria jioni, miaka saba mfululizo. Walimu walimshauri achague kazi nyepesi zaidi, akawashukuru na kuendelea. Alipofika miaka thelathini na moja alikuwa wakili kamili, mwenye mume, watoto wawili na chumba kimoja cha kupanga juu ya duka la miwani. Mume alikuja kufariki, watoto wakahamia London, chumba kikawa vyumba vitatu, lakini ngazi zilibaki zilezile na Tejinder alizipanda kila asubuhi saa mbili kamili. Hakuwa mtu wa kubembelezwa wala wa kubembeleza. Wateja walimpenda kwa kuwa hakuwadanganya, na walimwogopa kwa sababu hiyohiyo.

Siasa ilimkuta na miaka hamsini na saba, wakati wenzake wanafikiria kupumzika. Mteja wake mmoja, Achieng, mhudumu wa wazee, aliishi ghorofa ya saba katika jengo ambalo lifti yake iliharibika kwa wiki tisa. Achieng alipandisha mtoto mgongoni na ununuzi mikononi, kila siku, baada ya zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Tejinder aliwaandikia wenye jengo barua tatu bila kupata jibu. Mwishowe alimpigia simu diwani wa kata. Msaidizi wa diwani alikuwa mwungwana sana. Alisikiliza yote, akachunguza kitu kwenye kompyuta, kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba jengo lile huwa halipigi kura.

Tejinder aliiweka simu chini taratibu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwaambia watu wake wajiandikishe kama mama anayewaambia watoto wanawe mikono, na sasa ndipo alipoelewa bei ya kutojiandikisha. Wale watu hawakuchukiwa. Ila hawakuhesabiwa. Alikasirika hadi masikio yakawa moto, na alipomaliza kukasirika alimwita karani wake Manpreet, mpwa wake mwenyewe, akamwagiza atafute fomu za mgombea. Chama chochote kingempa masharti, kwa hiyo angesimama peke yake, mgombea binafsi, katika uchaguzi wa Alhamisi ya kwanza ya Mei.

Manpreet alimwuliza kwa Kiingereza kama anatania. Shangazi yake alikuwa tayari ameshika kalamu.

Mtu aliyeufanya ule uamuzi uwe kampeni halisi alikuwa Roselyne. Huyu alikuwa nesi, mwenyeji wa Kakamega, aliyekaa Birmingham mwaka wa nne kwa visa ya kazi pamoja na mumewe Cleopas. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha kina mama Wakenya kanisani, mwanamke wa sauti kubwa na cheko kubwa zaidi, ambaye akikwambia uje huna njia ya kutokuja. Alikuja ofisini kwa habari ya kuongeza visa, akaulizwa lile swali la kura, na badala ya kucheka aliketi tena. Alitaka kuhakikisha amesikia vizuri. Yaani yeye, Roselyne, na pasipoti yake hii ya Kenya, anaweza kusimama kwenye foleni na kumchagua mtu hapa? Tejinder alimwonyesha sheria kwenye skrini. Roselyne aliisoma mara mbili, akaanza kutokwa na machozi, na akakasirika kwamba yanamtoka.

Nyumbani Kenya, alisema, alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kupiga kura. Miaka minne hapa amekuwa akijiona kama mgeni aliyelala sebuleni, anayekunja blanketi lake mapema ili asimsumbue mtu. Kuanzia siku ile, watu walianza kupanda ngazi za Tejinder wawiliwawili na watanowatano, wauguzi, wahudumu wa wazee, wanafunzi, kila mmoja na pasipoti yake na hofu yake. Roselyne alisimama mlangoni akiwatia moyo. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilipofika, daftari la Manpreet lilikuwa na majina mapya mia mbili na kumi na mawili. Katika kata ile, ambako diwani alikuwa ameshinda mara ya mwisho kwa tofauti ya kura chini ya mia, majina mia mbili na kumi na mawili hayakuwa jambo la kuchekewa.

Siku kumi na mbili kabla ya uchaguzi, Jumamosi, Roselyne alimwalika Tejinder kwenye ukumbi wa kanisa. Alimwambia ni mkutano wa kina mama, aje aseme machache. Tejinder alifika saa saba mchana na mfuko wa vipeperushi, Manpreet akiwa nyuma yake, na kabla hajasukuma mlango alisikia harufu ya pilau.

Ndani kulikuwa na watu kama mia moja na arobaini. Wanaume walivaa suti, kina mama walivaa vitenge vipya, watoto walikimbizana chini ya meza. Kando ya ukuta palikuwa na sufuria saba kubwa, za kuazima, zimefunikwa kwa foili: pilau ya nyama, kuku, sukuma wiki, maharagwe ya nazi kwa wasiokula nyama, na mnara wa chapati ambazo Roselyne na wenzake walizisukuma siku mbili baada ya zamu za hospitali. Walipomwona Tejinder walipiga vigelegele. Roselyne alikuja mbele, ameng'aa uso mzima, akamkumbatia. Juu ya meza kulikuwa na bango lenye picha ya Tejinder, na chini yake maneno yaliyokuwa yamesambazwa kwenye simu za Wakenya wote wa kata ile kwa wiki nzima: *Njoo ule pilau na Wakili wetu, kisha Alhamisi umpe kura yako.*

Tejinder alilisoma bango lile, akalisoma tena.

Sheria ya uchaguzi ya Uingereza ni kongwe, na kwenye jambo la chakula haina mzaha. Kikombe cha chai na biskuti kwenye mkutano si neno. Lakini kumlisha mpiga kura ili akupe kura ni kosa la jinai, na kosa lenyewe halimhusu mgombea peke yake. Linamshika pia aliyepika. Mgombea anaweza kunyang'anywa kiti alichoshinda. Aliyepika, kama ni nesi mwenye visa inayosubiri kuongezwa, anaweza kupoteza kazi, kibali na nchi kwa mpigo. Na hapa hapakuwa na haja ya shahidi, maana ushahidi ulikuwa umechapishwa kwa rangi na umo kwenye simu mia mbili.

Mtu mwingine wa Birmingham asingeweza kulifanya kosa lile. Mzungu akimtafutia mgombea wake kura huwapa watu biskuti na baridi ya ukumbi. Roselyne alikuwa amefanya kile ambacho yeyote aliyelelewa vizuri kwao angefanya, kumshukuru mtu kwa kuwalisha watu wake. Na Tejinder naye, aliyekulia jikoni mwa hekalu la Masingasinga ambako hakuna anayeulizwa ni nani kabla ya kupewa sahani, alimwelewa mpaka kwenye mfupa. Ndiyo maana ilimuuma vile.

Manpreet alimnong'oneza kwamba wangeweza kuondoka wao wawili na kujifanya hawakuona. Tejinder aliliwaza jambo hilo, tusimpambe. Aliliwaza kwa muda wa kutosha kuhesabu kura zilizokuwa ndani ya ukumbi ule. Kisha aliwatazama vijana waliokuwa wameinua simu wakimrekodi. Kusema mbele ya simu zile kwamba chakula hiki ni kosa la jinai ingekuwa kumtaja mwenye kosa, naye amesimama hapa na aproni. Akapiga moyo konde na kupanda jukwaani.

"Ndugu zangu, nisameheni," alisema. "Chakula hiki hakitaliwa hapa leo. Mimi ndiye ninayekataza. Sheria ya uchaguzi hainiruhusu, na sitaivunja. Nawaomba mrudi nyumbani."

Kwanza walidhani ni mzaha. Halafu walidhani anaumwa. Mzee mmoja aliuliza kwa upole ni sheria gani hiyo inayomkataza mtu kula, na Tejinder akarudia maneno yaleyale, uamuzi ni wake, lawama ni zake. Watoto walianza kulia, kwani walikuwa wamenyimwa kifungua kinywa ili wajaze matumbo kwenye karamu. Watu walichukua makoti yao. Waliondoka mmoja mmoja. Matusi nayo hayakukosekana. Mlangoni, mtu alisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba Muhindi ni Muhindi tu, hata umfundishe Kiswahili namna gani.

Tejinder, binti wa Nakuru, aliyasikia. Yalimwingia. Hakugeuka.

Roselyne alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza na kutoka kwa mlango wa nyuma. Chakula kilibaki kwa Tejinder, Manpreet na Cleopas, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na siku ile hakuwa na hata hayo machache. Hekaluni hawangeweza kukipeleka, kwa kuwa mle hakiingii chakula chenye nyama. Walikipakia kwenye gari na kukipeleka katikati ya jiji, kwenye makao ya watu wasio na nyumba, nje kabisa ya kata yao. Waliopewa pale walikula kwa furaha bila kujua wanakula kampeni ya mtu. Tejinder alisimama mlangoni akiwatazama, na hakuonja hata punje.

Jioni ile simu za Wakenya ziliwaka moto. Wakili amewadharau. Wakili ameona aibu kuonekana na watu weusi. Wakili amechukua chakula akawapelekea Wazungu. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ndilo lililoenea zaidi. Manpreet alifanikiwa kumshawishi msimamizi wa kundi lao la simu afute lile bango, lakini hasira haikufutika nalo. Tejinder alimpigia Roselyne mara tisa bila kujibiwa.

Jumapili asubuhi aliketi jikoni kwake na kitabu cha sheria ya uchaguzi, akakisoma tena mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Alipofika mwisho alimpigia Manpreet, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ilikuwa na uhai. Sheria inamkataza kulisha, alisema. Haimkatazi kula.

Kuanzia jioni hiyo alienda mlango kwa mlango, nyumba nne kwa siku, zote za watu waliofukuzwa ukumbini. Hakubeba vipeperushi. Akifunguliwa, alisema amekuja kuomba radhi, na kwamba kama kuna chochote jikoni, yeye ana njaa. Kuna waliomfungia mlango usoni. Lakini Mkenya aliyelelewa na mama yake humwia vigumu kumwacha mtu aliyesema ana njaa asimame nje, hata kama amemkasirikia, na Tejinder alilijua hilo vizuri sana. Alikula ugali na omena kwa Achieng, ghorofa ya saba, baada ya kupanda ngazi zote kwa miguu yake mwenyewe. Alikula githeri kwa Wambui, matoke kwa mwanafunzi aitwaye Kibet aliyekuwa hajui kupika na akaomba samahani kwa kila kijiko. Alikula kwa mikono, alimaliza sahani, aliomba nyongeza. Daktari wake alikuwa amemwonya juu ya sukari na presha, akawa anameza dawa zake kwenye gari kati ya nyumba na nyumba.

Hakuzungumzia kura hadi aulizwe. Akiulizwa kwa nini alikataza pilau, alijibu kwamba ule ulikuwa uamuzi wake na kwamba angeufanya tena. Hawakupenda jibu hilo, lakini waliliheshimu zaidi kuliko wangeliheshimu jibu tamu. Kufikia Jumatano, siku moja kabla ya uchaguzi, alikuwa ameketi kwenye meza thelathini na nane na nguo zake zilikuwa zinambana. Ilibaki nyumba moja. Alikuwa amegonga pale mara tatu, na mara tatu taa ilikuwa imewaka na mlango haukufunguka.

Safari hii Cleopas alifungua. Alimtazama wakili, akatazama nyuma yake ndani, akasogea kando.

Roselyne alikuwa mezani, amevaa sare ya hospitali, ametoka zamu. Alimwonyesha Tejinder kiti. Meza ilikuwa tupu kabisa. Hapakuwa na kikombe wala glasi ya maji, wala ile sahani ya karanga ambayo haikukosekana kwenye nyumba ile. Jikoni kulikuwa na kitu motoni, harufu yake iliwafikia, na Roselyne hakuinuka. Alikaa mikono imekunjwa kifuani. Dakika zilipita. Tejinder alielewa kwamba hii ndiyo sahani aliyopakuliwa, akaipokea, akatulia.

"Hivyo ndivyo watu wangu waliketi," Roselyne alisema mwishowe. "Nimekuweka tu robo saa. Unaskia vile inauma?"

"Nasikia."

"Mimi niliwaita. Kwa jina langu. Wengine walichukua off kazini. Nilipika two days, Wakili, nikitoka night shift. Alafu unaniaibisha mbele ya kanisa yote. Ungenivuta tu kando uniambie."

Hapo Tejinder alieleza yote, taratibu, kwa Kiswahili cha Nakuru kisicho na neno hata moja la kisheria. Alimweleza sheria inasema nini juu ya mpishi. Alimweleza kuhusu lile bango na simu zilizokuwa zimeinuliwa, na kwamba mtu mmoja tu mwenye kinyongo angetosha kulipeleka polisi. Kama angemvuta kando wakasimamisha chakula pamoja, kila mtu angeuliza ni nani aliyekosea. Alitaka ukumbi mzima utoke ukimlaumu mtu mmoja, na mtu huyo awe yeye.

Cleopas, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, alivuta pumzi kwa nguvu.

"Visa yangu," Roselyne alisema.

"Visa yako. Na ya Cleopas."

"Kwa nini hukuniandikia basi? Simu sikushika, sawa. Ungeandika message."

"Ningeandika ingekuwa ushahidi."

Roselyne alijifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Kwa muda Tejinder hakujua kama analia au anacheka, na nadhani hata Roselyne mwenyewe hakujua. Alipojifunua alikuwa na macho mekundu. Alisema kwamba bado ana hasira. Alisema pia kwamba kesho atapiga kura, na hamwambii ni ya nani, kwa kuwa kura ni siri. Tejinder alimjibu kwamba hiyo ni haki yake. Kisha Cleopas, bila kuagizwa na mtu, alileta sahani tatu.

Alhamisi, Wakenya walijipanga nje ya vituo tangu saa moja asubuhi, pasipoti mkononi, wengine na sare za kazi. Msimamizi wa kituo kimoja alisema hajawahi kuona pasipoti nyingi za Kenya vile nje ya uwanja wa ndege. Wapo waliokuja na wapo waliokuwa bado wamenuna. Tejinder alijua hivyo. Alizunguka vituo vyote kwa miguu, hakumshika mtu mkono, aliwasalimia tu.

Kura zilihesabiwa kesho yake. Diwani aliyekuwepo alishinda kwa tofauti ya kura kumi na nne.

Manpreet alilia kuliko shangazi yake. Kura kumi na nne ni familia saba zilizofukuzwa ukumbini na njaa. Wote wawili walifanya hesabu hiyo kichwani na hakuna aliyeisema. Tejinder alimpongeza mshindi kwa mkono, akamkumbusha kuhusu lifti mbele ya mwandishi wa habari, na akaenda nyumbani kulala. Aliumia. Aliumia kama alivyokuwa hajaumia tangu amzike mumewe, na Jumamosi alipanda ngazi za ofisi saa mbili kamili kwa sababu alikuwa na mteja wa saa tatu.

Mchana walikuja Roselyne na Cleopas. Roselyne hakuketi. Alikuwa na mpango, na mpango ulikuwa umemjaa mpaka pomoni. Uchaguzi umekwisha. Wakili si mgombea tena, ni mtu wa kawaida kama wao. Sufuria saba ziko kwenye gari, ameshaziazima tena. Amezungumza na watu wote, amewaeleza mwenyewe ukweli wote kwa mdomo wake, na wengine wameona haya sana. Jumamosi ijayo ukumbi ni wao. Watakula, na safari hii hakuna sheria ya kuwazuia.

Tejinder alimsikiliza hadi mwisho. Alivua miwani.

"Kula nyumbani kwako, mimi na wewe, ni hata kesho," alisema. "Lakini watu mia na arobaini, kwa jina langu, itategemea. Kama nimemaliza na siasa, pika, na mimi nitasukuma chapati. Kama nitasimama tena, hicho bado ni chakula cha mgombea. Siwezi kukigusa, na siwezi kukuacha ukipike."

"Na utasimama tena?"

"Hilo nakuuliza wewe. Nimeshindwa kwa kura kumi na nne, na najua hizo kura zilibaki wapi. Wakitaka pilau, ni haki yao. Wamenisamehe, na mimi nitakula nao, siasa niishie hapo."

Roselyne aligeuka kumtazama mumewe. Cleopas alitazama dirishani, upande gari lilipoegeshwa.

"Uchaguzi mwingine ni lini?" Roselyne aliuliza.

"Miaka minne."

"Miaka minne." Alilitafuna neno lile. Mwenyewe alikuwa amesubiri miaka minne kwa karatasi za ukaazi wa kudumu ambazo hazijatoka, na hakuna aliyejua zitatoka lini. Alivuta kiti sasa, akaketi, akauweka mkoba wake sakafuni.

"Cleopas, rudisha sufuria za watu," alisema. Kisha akamwelekea Manpreet. "Hatuli. Leta hilo daftari tuone ni nani kwa building yetu hajajiandikisha."